Kromosomu: Nyuzi za Urithi Ndani ya Seli

Tuseme umeshuka katika stesheni ya Kilosa na kuelekea sokoni. Njiani unakutana na bibi kizee ambaye hujapata kumwona. Unamwamkia, "Shikamoo, bibi." Naye anaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu." Kisha anakutazama usoni kwa muda, anatabasamu na kusema, "Wewe si mjukuu wa mzee yule aliyekuwa akifanya kazi relini? Pua hiyo ni yake."

Babu huyo alifariki kabla wewe hujazaliwa. Hukupata kumwona, wala yeye hakukuona. Je, pua yake ilifikaje usoni pako?

Watu wamejiuliza swali hili tangu zamani. Wengine walisema ni damu, na hata leo husemwa kwamba fulani na fulani ni "damu moja". Katika sura hii utajifunza kwamba urithi haumo katika damu. Umo katika nyuzi nyembamba mno zilizofichwa ndani ya seli za mwili wako. Nyuzi hizo huitwa kromosomu.

Kuitazama seli

Umekwisha kujifunza kwamba mwili wa kila kiumbe hai umejengwa kwa seli, kama vile nyumba inavyojengwa kwa matofali. Mwili wa mtu mzima una seli nyingi mno, yapata trilioni 30. Nyingi katika hizo ni ndogo kiasi kwamba haziwezi kuonekana kwa macho matupu.

Ili uone seli, tafuta kitunguu. Jambo hili si gumu kwa mwanafunzi wa Mikumi, kwa maana vitunguu hulimwa katika mabonde ya huko, kama vile Malolo, na huuzwa kando ya barabara kuu iendayo Iringa. Kipasue kitunguu chako, kisha bandua utando mwembamba ulio upande wa ndani wa ganda moja nene. Utandaze juu ya kipande cha kioo, udondoshee tone la maji na tone la iodini, uufunike kwa kioo chembamba, kisha utazame kwa hadubini. Utaona vyumba vingi vilivyopangwa kama matofali. Kila chumba ni seli moja, na ndani ya kila seli utaona doa la mviringo lililokolea rangi. Doa hilo ni kiini cha seli. Ikiwa shule yenu haina hadubini, mwalimu anaweza kuwaombea ruhusa katika kituo cha afya kilicho karibu, ambako hadubini hutumika kila siku kutafuta vijidudu vya malaria katika damu.

Ndani ya kiini ndimo zilimo kromosomu. Lakini usisikitike usipoziona. Wakati seli inapofanya kazi zake za kawaida, kromosomu huwa zimetawanyika kama nyuzi zilizofumuliwa, nazo hazionekani. Huonekana pale seli inapojiandaa kugawanyika iwe seli mbili. Hapo hujikunja na kunenepa, na zikitiwa rangi huonekana wazi kama vijiti vifupi. Mwaka 1888 mtaalamu Mjerumani aliyeitwa Waldeyer alivipa vijiti hivyo jina la kromosomu kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja maana yake "rangi" na jingine "mwili", kwa sababu vilinywa rangi upesi kuliko sehemu nyingine za seli.

Fikiri juu ya katani. Kilosa imejulikana kwa miaka mingi kwa mashamba yake ya mkonge. Ukichukua nyuzi za katani zilizotawanyika, zitajaza mikono yako na kukusumbua. Zikisokotwa kuwa kamba, na kamba ikizungushwa vizuri, zitachukua nafasi ndogo. Kromosomu nayo imefanywa hivyo hivyo. Ni uzi mrefu sana wa kitu kinachoitwa DNA, uliosokotwa na kuzungushwa mara nyingi. Kama ungaliweza kuzinyoosha DNA zote za kiini kimoja cha seli yako na kuziunga pamoja, urefu wake ungalifika karibu meta 2, yaani kupita kimo cha watu wengi wazima. Hayo yote yamo ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho!

Katika kila uzi yamo maagizo yaliyopangwa kwa mfuatano. Agizo moja huitwa jeni. Jeni moja huweza kuiagiza seli itengeneze rangi ya ngozi, nyingine itengeneze kitu chekundu kilicho katika damu. Umbo la pua halitokani na jeni moja peke yake. Hutokana na jeni nyingi zinazofanya kazi pamoja.

Ni ngapi?

Seli ya mwili wa mwanadamu ina kromosomu 46. Ni vema ujue kwamba hesabu hii haikupatikana kwa urahisi. Mwaka 1923 mtaalamu wa Marekani aliyeitwa Theophilus Painter alizihesabu akapata 48. Kazi hiyo ilikuwa ngumu, kwa sababu kromosomu zilikuwa zimerundikana na kulaliana. Wataalamu waliomfuata walihesabu wakiwa wamekwisha kuamini kwamba ni 48, nao wakazidi kupata 48. Kosa hilo lilifundishwa kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwishoni mwa mwaka 1955, huko Lund, Sweden, Joe Hin Tjio, mtu aliyezaliwa Java, aliziweka seli katika maji yenye chumvi kidogo sana. Seli zilivimba na kromosomu zikatawanyika, kila moja mahali pake. Alihesabu akapata 46. Alirudia tena na tena, na kila mara zilikuwa 46. Yeye na mwenzake Albert Levan walitangaza habari hiyo mwaka 1956.

Kila aina ya kiumbe ina hesabu yake. Kitunguu ulichokitazama kina kromosomu 16 katika kila seli. Muhindi una 20, na mpunga una 24. Ukipita kwa basi katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, utaona nyani wameketi kando ya barabara. Kila seli ya nyani hao ina kromosomu 42. Twiga ana 30, simba ana 38, naye tembo ana 56. Usidhani, basi, kwamba mwenye kromosomu nyingi ndiye mwenye akili nyingi. Kuna aina ya kangaga, mmea mdogo usio na maua, yenye kromosomu zaidi ya 1,200, na hakuna aliyepata kuuona ukifanya hesabu.

Karibu kila seli ya mwili wako ina kromosomu zote 46, iwe seli ya ngozi, ya ini au ya ubongo. Seli nyekundu za damu hazimo katika hesabu hii. Zinapokomaa hupoteza viini vyake ili zipate nafasi kubwa zaidi ya kubebea oksijeni. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba urithi umo katika damu wamechagua karibu seli pekee zisizokuwa nao!

Ukijikata kidole kwa panga shambani, seli za ngozi zilizo kando ya jeraha hugawanyika ili kuliziba. Kabla seli haijagawanyika, kila kromosomu hujifanyia nakala. Kisha nakala moja huenda upande huu na nyingine upande ule. Seli mbili mpya hupata kila moja kromosomu 46 kamili. Hivyo ngozi mpya inayoota ni ngozi yako wewe, wala si ya mtu mwingine.

Nusu kwa baba, nusu kwa mama

Tjio na wenzake walipozipanga kromosomu, waliona zimekaa jozi jozi. Kuna jozi 23. Katika kila jozi, kromosomu moja ilitoka kwa baba na moja kwa mama.

Yai la mama na mbegu ya baba ni seli zisizofanana na nyingine mwilini, maana kila moja ina nusu tu ya hesabu, yaani kromosomu 23. Kama yai lingalikuwa na 46 na mbegu 46, mtoto angalikuwa na 92, na mjukuu 184, na hesabu hiyo isingalikuwa na mwisho. Lakini 23 za yai zinapokutana na 23 za mbegu, hupatikana seli moja yenye 46. Seli hiyo moja ndiyo mwanzo wako wewe. Iligawanyika ikawa mbili, mbili zikawa nne, nne zikawa nane, hata ukawa mtoto mwenye mikono na miguu.

Baadhi ya wenyeji wa wilaya ya Kilosa, kama vile Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba wake ana sauti kubwa juu yake. Makabila mengine huhesabu ukoo kwa upande wa baba. Hizo ni desturi za watu, nazo zina heshima yake. Kromosomu hazifuati desturi hata moja kati ya hizo. Humpa kila mtoto, Mkaguru na asiyekuwa Mkaguru, 23 kutoka kwa mama na 23 kutoka kwa baba.

Sasa twaweza kulijibu swali la bibi wa Kilosa. Babu yako alimpa mama yako kromosomu 23. Mama yako naye alipotengeneza yai, alichukua moja kutoka katika kila jozi yake. Katika jozi fulani ikachukuliwa ile iliyotoka kwa babu, katika jozi nyingine ile iliyotoka kwa bibi. Mara nyingi hizo mbili pia hubadilishana vipande kabla ya kuachana. Kwa njia hiyo sehemu ya kromosomu za babu ilikufikia wewe, na pua ikafika pamoja nazo.

Hata kama tukiviacha vipande hivyo vinavyobadilishwa, kuna njia 8,388,608 za kuchagua kromosomu moja kutoka katika kila jozi ya mzazi mmoja. Ndiyo maana wewe na ndugu zako mnafanana bila kuwa sawasawa. Pacha waliotokana na yai moja, lililogawanyika baada ya kukutana na mbegu, hupata kromosomu zile zile, nao hufanana hata mwalimu wao huchanganyikiwa.

Mara chache mgawanyo huteleza. Yai huweza kubeba kromosomu mbili za jozi ya 21 badala ya moja, na mtoto akazaliwa na 47. Jambo hili liligunduliwa huko Paris na Jérôme Lejeune na wenzake, nao walilitangaza mwaka 1959. Mtoto wa namna hiyo huchelewa kutembea na kusema, lakini hujifunza, hucheza na huenda shule. Mama yake hakula kitu kibaya wala hakuvunja mwiko wowote.

Mtoto wa kike au wa kiume?

Katika nyumba nyingine, mama aliyezaa mabinti watano hulaumiwa. Husemwa kwamba yeye ndiye asiyeweza kuzaa mtoto wa kiume. Pengine mume huoa mke mwingine kwa sababu hiyo, na watoto wale watano hukua wakisikia kwamba wao ni kosa la mama yao. Na tuone kama lawama hiyo ina msingi.

Mwaka 1905 mwanamke mmoja wa Marekani, Nettie Stevens, alizichunguza kromosomu za wadudu wanaoishi katika unga. Aligundua kwamba dume ana kromosomu moja ndogo ambayo jike hana. Kwa wanadamu iko hali kama hiyo. Jozi ya 23 ya mwanamke ina kromosomu mbili zinazolingana, ziitwazo X na X. Jozi ya 23 ya mwanamume ina X moja, pamoja na nyingine fupi iitwayo Y.

Yai la mama, basi, hubeba X siku zote, kwa kuwa mama hana kingine cha kutoa. Mbegu za baba ni za namna mbili: nusu hubeba X na nusu hubeba Y. Mbegu yenye X ikilifikia yai, mtoto huwa wa kike. Ikifika yenye Y, mtoto huwa wa kiume. Umeona mwenyewe kwamba tofauti hutoka upande wa baba. Lakini usiende nyumbani ukamlaumu baba! Yeye naye hachagui ni mbegu ipi itakayotangulia.

Fanya jaribio hili. Tafuta vikombe viwili na maharage meupe na mekundu. Katika kikombe cha "mama" weka maharage mawili meupe, yaani X na X. Katika kikombe cha "baba" weka moja jeupe na moja jekundu, yaani X na Y. Funga macho, toa harage moja kutoka katika kila kikombe, andika umepata mtoto gani, kisha uyarudishe. Rudia mara 40. Je, umepata watoto wa kiume wangapi? Jumla ya darasa zima itakaribia nusu kwa nusu. Lakini tazama orodha yako kwa makini. Yumkini utaona mahali ambapo watoto wa kike wanne au watano wamefuatana, na maharage hayakuwa na kosa lolote.

Selimundu

Usiyaweke mbali maharage yako. Sasa katika kila kikombe weka moja jeupe na moja jekundu.

Katika jozi ya 11 iko jeni inayotoa maagizo ya kutengeneza himoglobini, kile kitu chekundu kinachobeba oksijeni katika damu. Watu wengine wana jeni hiyo ikiwa na badiliko dogo. Harage jekundu liwe jeni iliyobadilika, na jeupe liwe jeni ya kawaida. Mtu mwenye moja ya kila aina ni mzima. Hulima, hucheza mpira, na huenda asijue kamwe kwamba anayo. Lakini mtu aliyepata jeni zilizobadilika kwa wazazi wote wawili huugua ugonjwa wa selimundu. Seli zake nyekundu hujipinda kama mundu wa kuvunia mpunga. Hukwama katika mishipa myembamba, zikaleta maumivu makali ya mifupa, nazo hufa upesi, na mgonjwa akapungukiwa damu.

Rudia jaribio mara 40 kwa vikombe hivi. Karibu robo ya watoto watapata maharage mekundu mawili. Kumbuka kwamba "robo" ni bahati ya kila mtoto peke yake. Wazazi wenye watoto wanne huenda wasipate mgonjwa hata mmoja, au wakapata wawili.

Kwa nini jeni yenye madhara haikutoweka? Jibu lilipatikana Afrika Mashariki. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitangaza mwaka 1954 kwamba watu wenye jeni moja ya selimundu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Kisha alichunguza watu wa wilaya ya Musoma, karibu na Ziwa Viktoria, akatoa hesabu zake mwaka 1956. Kati ya watoto wachanga 287, wenye jeni moja iliyobadilika walikuwa 89, yaani 31 katika kila mia. Kati ya watu wazima 654, walikuwa 249, yaani 38 katika kila mia. Wenye jeni mbili zilizobadilika walikuwa 9 kati ya wale watoto, lakini 5 tu kati ya watu wazima wote wale. Zisome hesabu hizo polepole. Waliokosa jeni hiyo waliuawa zaidi na malaria, na walioipata mara mbili waliuawa na selimundu. Wenye moja ndio waliookoka kwa wingi. Kwa hiyo jeni hii imeenea katika nchi zenye mbu wengi, na mabonde ya Kilosa ni miongoni mwa mahali hapo.

Zamani watoto wengi wenye selimundu walikufa kabla ya kufikia umri wako, na mara nyingi jirani alishukiwa uchawi. Leo kipimo cha damu huweza kuutambua ugonjwa mapema. Tangu mwaka 2004 wataalamu wa Muhimbili, Dar es Salaam, wamewafuatilia maelfu ya wagonjwa. Mtoto hulindwa na malaria kwa dawa na chandarua, hunywa maji mengi, hupewa dawa za kuzuia maambukizo, na kwa wengi haidroksiurea hupunguza maumivu. Ikiwa rafiki yako anaugua selimundu, usiogope kukaa naye dawati moja. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kugusana wala kwa kula pamoja.

Ualbino hurithiwa kwa njia hiyo hiyo. Hapa Tanzania aina iliyo ya kawaida zaidi hutokana na jeni iliyo katika jozi ya 15. Wazazi wawili wenye ngozi nyeusi, kila mmoja akiwa na jeni moja iliyobadilika, huweza kupata mtoto ambaye ngozi yake haitengenezi rangi ya kutosha. Katika nchi yetu watu wenye ualbino wamewahi kushambuliwa na hata kuuawa kwa ajili ya imani za uongo kuhusu miili yao. Wewe uliyehesabu maharage unajua sasa kwamba mwili wa mtu huyo una kromosomu 46 kama wako. Anachohitaji darasani ni kofia pana, shati la mikono mirefu, na kiti cha mbele ili auone ubao.

Maswali

1. Yai la mama lina kromosomu ngapi? Kwa nini hazikuwa 46?

2. Eleza kwa nini ngozi mpya inayoota juu ya jeraha hufanana na ngozi ya zamani.

3. Jirani anasema kwamba mama fulani wa Mikumi "anazaa wasichana tu". Andika barua fupi, kwa adabu, kumweleza jirani huyo ulichojifunza juu ya X na Y.

4. Katika hesabu za Musoma, kama malaria ingetokomezwa kabisa, unadhani idadi ya watu wenye jeni moja ya selimundu ingeongezeka, ingepungua, au ingebaki vile vile baada ya miaka mingi? Toa sababu zako.

5. Waulize watu wazima wa nyumbani kwenu ni nani katika jamaa unayefanana naye, na kwa kitu gani. Je, huyo ni wa upande wa baba au wa mama? Chora njia ambayo kromosomu zake zilipita hata zikakufikia.